Chatu Aliyegeuka Mweusi: Uchambuzi wa Kisa cha Uzazi katika Shimo la Muhanga

Kwenye mlango wa shimo lililochimbwa na muhanga, mnyama mla mchwa, na baadaye kuachwa, katika pori la Dinokeng kaskazini mwa Pretoria, chatu jike amelala juani tangu asubuhi. Hajala kwa miezi kadhaa. Mabaka yake ya kahawia, ambayo kwa kawaida huonekana wazi juu ya ngozi ya rangi ya majani makavu, yamemezwa na weusi kiasi kwamba mtu aliyemwona majira ya baridi angedhani huyu ni nyoka wa aina nyingine. Joto la mwili wake limepanda hadi karibu nyuzi 40 za Selsiasi, na nyuzi chache tu zaidi zingetosha kumwua. Ndani ya shimo, gizani, yapo mayai yake. Baada ya muda atarudi polepole, atajiviringisha kuyazunguka na kutulia nayo mpaka joto alilolibeba lipungue, kisha atatoka tena kulifuata jingine.

Kisa hiki kimetokana na utafiti wa Profesa Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, ambaye kwa miaka saba aliwafuatilia chatu 37 waliowekewa vifaa vya kutuma mawimbi ya redio. Kati yao, majike 8 walitaga katika mashimo ya muhanga, na kamera za infraredi zinazoona gizani ziliwekwa ndani ya viota ili kurekodi mambo ambayo mtu hawezi kuyaona kwa kuchungulia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la kisayansi la Journal of Zoology. Majike wanane ni wachache, na msomaji makini ana haki ya kulikumbuka hilo kila anapokutana na neno “huwa” katika maelezo yanayofuata. Hata hivyo, mtu aliyewahi kumtafuta nyoka porini ataelewa kwa nini hata hao wanane ni mavuno ya kujivunia, kwa kuwa chatu mwenye urefu wa mita nne anaweza kulala hatua tano kutoka ulipo, nawe ukapita bila kujua.

Jina chatu kwa Kiswahili linabeba nyoka zaidi ya mmoja. Anayehusika hapa ni chatu wa kusini mwa Afrika, ambaye wanasayansi humwita Python natalensis, na ambaye licha ya jina hilo makazi yake yanaanzia Kenya na kushuka kupitia Tanzania hadi Afrika Kusini. Ndugu yake, Python sebae, ameenea kutoka Afrika Magharibi hadi Uganda na Ethiopia, naye kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa spishi moja na huyu wa kusini. Wageni wanaotembelea msitu wa Maramagambo katika Hifadhi ya Malkia Elizabeth nchini Uganda huonyeshwa pango lenye maelfu ya popo, ambamo chatu hukaa na kujipatia mlo bila kuhangaika. Wa kusini huzidi mita tano na kilo 60 akifikia ukubwa wake wa juu, ingawa wengi wanaokutwa ni wadogo kuliko hapo. Kwa hiyo kisa cha Dinokeng, ingawa kimetokea mbali na Tanga au Mombasa, kinahusu nyoka yuleyule anayeonekana kando ya mito na mashamba yetu.

Kabla ya kuingia shimoni ni vyema kumwelewa mnyama huyu kwa upande wa chakula, kwa sababu uzazi wake wote unategemea akiba. Chatu hana sumu. Wahenga waliosema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka hawakuwa wakimfikiria yeye, maana meno yake ni ya kushikilia tu. Kwenye mdomo wa juu ana vishimo vinavyohisi joto, ambavyo humwezesha kumlenga sungura au mtoto wa swala hata gizani. Akishamng'ata, humviringia na kumbana. Inasemwa mara nyingi kwamba hapo ndipo anapomvunja mifupa au kumnyima pumzi, lakini vipimo vilivyofanywa Marekani na Scott Boback na wenzake, na kutangazwa mwaka 2015, vilionyesha jambo jingine. Panya waliokwisha kupewa dawa ya usingizi walipobanwa na nyoka wa jamii ya boa, shinikizo la damu katika mishipa ya ateri lilishuka kwa nusu ndani ya sekunde sita, na moyo ukashindwa kusukuma damu. Anayebanwa hufa kwa kusimama kwa mzunguko wa damu kabla ukosefu wa hewa haujapata nafasi ya kumwua. Boa na chatu ni jamaa wa mbali, ila namna ya kubana ni ileile, na sioni sababu ya kudhani kwamba damu ya swala aliyebanwa na chatu inafuata kanuni nyingine.

Baada ya kumeza, mwili wa chatu hufanya kazi ambayo haifanani hata kidogo na utulivu unaoonekana kwa nje. Uchunguzi wa chatu wa Burma, jamaa wa karibu wa huyu wetu, umeonyesha kwamba moyo wake huongezeka uzito kwa asilimia 40 ndani ya siku mbili za mwanzo baada ya mlo mkubwa, na utumbo mwembamba hunenepa ili kukabiliana na kazi. Kazi ikiisha, viungo hivyo hurudi vilivyokuwa. Mnyama anayeweza kupunguza gharama za mwili wake kiasi hicho anaweza kukaa muda mrefu sana bila kula, na hilo ndilo linalowezesha yote ninayoyaeleza hapa. Jike wa Dinokeng huingia katika msimu wa uzazi akiwa na mafuta aliyoyakusanya kwa mwaka mmoja, miwili, au hata mitatu. Baada ya hapo hali tena mpaka msimu uishe, na msimu huo unazidi miezi sita.

Safari huanza majira ya baridi, wakati madume wanapowafuata majike. Neno kufuata hapa si la kupamba maneno. Dume mmoja alirekodiwa akimwandama jike kwa zaidi ya kilomita mbili katika kipindi cha miezi mitatu. Msomaji anaweza kuona kilomita mbili ni umbali mdogo, lakini kwa nyoka anayeishi kwa kuvizia, ambaye angeweza kukaa sehemu moja kwa wiki nzima akingoja mnyama apite, miezi mitatu ya kuandama ni miezi mitatu ya kuacha mengine. Jike naye huwa ameshaanza kuhesabu siku zake bila chakula.

Majira ya mchipuko yanapofika, jike mwenye mimba hutafuta shimo. Chatu hawezi kuchimba. Hana miguu, isipokuwa vijikucha viwili karibu na mkia ambavyo ni masalia ya miguu ya nyuma ya mababu zake, na ambavyo dume huvitumia kumpapasa jike wakati wa kupandana. Kwa hiyo hutegemea kazi ya muhanga, mnyama wa usiku anayekula mchwa na sisimizi, mwenye makucha yanayopenya udongo ambao jembe lingeuogopa. Muhanga huchimba, hulala, huhama, na kuacha nyuma yake makazi ambayo ngiri, nungunungu na wengine hugombea. Kwa chatu, shimo hilo lina faida mbili. Linafichika, na joto lake halipandi wala kushuka sana kati ya mchana na usiku. Tatizo ni kwamba joto hilo tulivu ni la chini kuliko linalohitajiwa na mayai.

Hapo ndipo kisa chenyewe kilipo. Mayai yanahitaji usalama wa chini ya ardhi, lakini pia yanahitaji jua ambalo halifiki chini ya ardhi. Jike hulitatua tatizo hili kwa kuwa mchukuzi. Hupanda hadi mlangoni, huota jua mpaka mwili wake wote uwe umepata moto, kisha hushuka na kuyakumbatia mayai. Ukubwa wake humsaidia, kwa sababu ile ile inayofanya sufuria kubwa ya maji ichelewe kupoa kuliko kikombe. Nyoka mwembamba angepoteza joto lake lote kabla halijawafaa watoto, ilhali chatu mwenye unene wa paja la mtu hushuka na hazina inayodumu kwa saa nyingi. Na ndiyo maana hujisukuma hadi karibu na nyuzi 40, mahali ambapo nyoka mwenye hekima za kawaida asingefika. Anajaza mzigo mpaka juu.

Weusi unaingia katika hesabu hiyo. Majike waliokuwa wakizaa walibadilika rangi na kuwa weusi, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ngozi nyeusi hunywa miale ya jua haraka kuliko ngozi ya rangi hafifu. Kila dakika iliyookolewa mlangoni ni dakika inayorudishwa kwa mayai, na pia ni dakika moja pungufu ya kuwa wazi mbele ya maadui. Binafsi naona hili kuwa sehemu yenye kufikirisha kuliko zote, kwa sababu madoa ya chatu ni silaha yake ya kuwinda na ngao yake ya kujificha. Jike hujitwalia rangi inayomfichua, na anaweza kumudu gharama hiyo kwa kuwa hawindi tena.

Ili kuona upekee wa njia hii, inafaa kuilinganisha na ile ya jamaa zake wa Asia. Katika miaka ya 1830, msafiri Mfaransa Lamarre-Picquot aliwaambia wanazuoni wa Paris kwamba huko India chatu huatamia mayai yake na kuyapa joto. Hakuaminiwa, maana ilijulikana kwamba nyoka ni wa damu baridi, na jambo linalojulikana na wasomi halibatilishwi kirahisi na mtu aliyeliona kwa macho. Mwaka 1841 chatu mmoja alitaga katika bustani ya wanyama ya Jardin des Plantes, papo hapo Paris. Achille Valenciennes alipompima, alimkuta na joto zaidi ya hewa iliyomzunguka. Namna joto hilo linavyopatikana ilithibitishwa vizuri mwaka 1966 kwa vipimo vya Victor Hutchison na wenzake katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Chatu wa Burma hukaza na kulegeza misuli yake mfululizo, kama mtu anayetetemeka kwa baridi, na mtetemo huo huzalisha joto.

Chatu wa Dinokeng hatetemeki ili kuyapa mayai joto. Mwenzake wa Asia huchoma mafuta ya mwili wake mwenyewe, naye wa Afrika huliendea jua, ambalo halipunguzi akiba yake. Kwa mnyama ambaye hatakula kwa nusu mwaka, uchaguzi huo una mantiki. Lakini si wa bure. Anayetetemeka hakai mbali na mayai, ilhali anayeota jua lazima ayaache peke yake, na akiwa nje huonekana. Pia njia ya jua inategemea kuwapo kwa jua. Siku za mawingu mfululizo humkata mchukuzi miguu, na katika jimbo la Gauteng, iliko Dinokeng, mchipuko na majira ya joto ndiyo msimu wa mvua za radi. Kwa hiyo mtu asichukue ratiba ya Dinokeng na kuipachika kama ilivyo kwa chatu wa pwani ya Pangani au Lamu, ambako udongo wenyewe una joto zaidi na safari za mlangoni huenda zisihitaji ukali uleule.

Kuanguliwa kwa mayai ndiko kulikoleta habari iliyousambaza utafiti huu katika vyombo vya habari. Ilikuwa imezoeleka kuamini kwamba nyoka anayetaga, hata kama huatamia, hana tena kazi na watoto mara wanapotoka katika maganda. Nyoka wanaozaa watoto hai, kama baadhi ya nyoka wa sumu wa Marekani wenye kengele mkiani, walijulikana kukaa na watoto kwa siku chache. Kwa wanaotaga, hapakuwa na ushahidi. Kamera za Dinokeng zilionyesha kwamba makinda wa chatu hutoka mchana kuota jua karibu na mlango wa shimo, na jioni hurudi ndani kulala wakiwa wamejikusanya katikati ya mikunjo ya mama yao. Hali hiyo iliendelea kwa muda wa takriban wiki mbili. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza kuandikwa wa nyoka anayetaga kuwatunza watoto wake baada ya kuanguliwa.

Je, tuseme anawatunza, au anakaa tu na wao wanakuja? Swali hili si la ubishi wa maneno. Mtu mwenye shaka angeweza kusema kwamba jike amechoka, hana nguvu za kuondoka, na makinda wanafuata joto kama paka anavyofuata jiko. Naona hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba makinda wanafuata joto. Lakini jike mwenye njaa ya miezi sita, ambaye mayai yake yamekwisha kuanguliwa, anapata hasara kwa kila siku anayoiongeza shimoni, na kama angekuwa amebaki kwa uchovu tu, asingeendelea na mtindo wa kuota jua na kurudi. Tabia iliyokuwa na maana kwa mayai inaendelezwa kwa makinda, na makinda wananufaika nayo. Matumbo yao bado yana kiini kingi cha yai, na joto la mama yao usiku huenda likawasaidia kukimeng'enya ili waondoke wakiwa na nguvu. Chatu mchanga mwenye urefu wa mkono ni chakula cha kenge, nguchiro na ndege wengi. Kiini kilichogeuka kuwa misuli kabla ya kutoka shimoni kinaweza kuamua nani atafika mwezi wa pili. Neno malezi, ninavyoona mimi, halijatumiwa vibaya.

Gharama ni kubwa. Tangu mwanzo wa msimu hadi anapoondoka, jike hupoteza takriban asilimia 40 ya uzito wake. Ukimchukua jike wa kilo 30 kama mfano, anatoka akiwa na kilo 18, na sehemu ya hizo ni utumbo na moyo vilivyosinyaa kwa kukosa kazi. Ngozi humlegea na uti wa mgongo huonekana ukichomoza. Katika hali hiyo anatakiwa arudi kuwa mwindaji, tena wa kuvizia na kubana, kazi inayohitaji nguvu za ghafla ambazo ndizo zimempungukia. Baadhi ya majike hawapati nafuu kabisa. Wanaopata hutaga tena baada ya miaka miwili au mitatu, kutegemea walichokula katika miezi iliyofuata kuondoka kwao shimoni.

Ukilitazama jambo hili kutoka upande wa binadamu, yapo mambo mawili yanayobadilika. La kwanza ni maana ya kumkuta chatu mweusi amelala mlangoni mwa shimo wakati wa mchana. Mkulima au mchungaji anayekutana naye huona nyoka mkubwa asiyekimbia upesi, na mara nyingi hushika panga. Nyoka huyo yuko katika kipindi ambacho hawindi mbuzi wala kuku, na kumwua ni kuua pia dazeni kadhaa za mayai yaliyo chini yake. Kumzunguka kwa umbali kunatosha, kwa sababu akishtushwa mwelekeo wake ni ndani ya shimo, mahali penye mzigo wake.

La pili linamhusu muhanga, na hili naona linasahaulika hata katika maandishi yanayomtetea chatu. Biashara ya kimataifa ya chatu na ngozi zao inadhibitiwa kwa mkataba wa CITES, ambao umewaweka katika Kiambatisho cha Pili, yaani orodha ya viumbe ambao biashara yao huruhusiwa kwa vibali, na sheria za nchi mbalimbali zinamlinda kwa viwango tofauti. Hakuna kati ya hizo inayompatia shimo. Eneo linaweza kuwa na swala wa kutosha, maji ya kutosha na chatu wa kutosha, lakini kama muhanga wamewindwa mpaka wakaisha, au vichuguu vya mchwa vimesawazishwa kwa trekta, majike watabaki wakitafuta mahali pa kutagia katika nyufa za miamba au mashimo yasiyo na kina. Majike wote wanane wa kisa hiki walitumia nyumba iliyojengwa na mnyama mwingine.

Mwishoni mwa wiki hizo mbili makinda hutawanyika, kila mmoja na njia yake, na jike huondoka pia. Shimo hubaki na maganda laini yaliyonywea, mpaka ngiri au nungunungu alikalie. Jike hulala kando ya njia ya wanyama, akiwa amebakiza nguvu za kubana mara chache tu, akingoja sungura au kanga apite karibu vya kutosha.